"Bwana Ameniambia"

Upo msemo unaozidi kuota mizizi katika makanisa yetu hapa Unguja, na ni lazima upingwe: "Bwana ameniambia." Husemwa katika kikao cha wazee hoja inapokwama. Husemwa mimbarani na mhubiri ambaye hakuandaa somo. Husemwa nyumbani na mume asiyetaka kumsikiliza mkewe juu ya ada ya shule. Ukishatamkwa, mazungumzo yamekwisha, maana nani atabishana na Mungu?

Hatukatai kwamba Mungu husema. Tunakataa kumfanya Mungu komeo la mlango.

Tuwatazame waliotutangulia. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha Waanglikana, alifika Unguja Januari 1844. Alikwisha kufanya kazi Uhabeshi na alizijua lugha nyingi. Mwaka uleule, Mombasa, alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mtu aliyelipa gharama hiyo angeweza kujiona hana la kufundishwa na yeyote wa pwani. Lakini alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliketi na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Modehin, akapokea msaada wake. Ndiyo, kadhi!

Vivyo hivyo Edward Steere, aliyefika hapa mwaka 1864. Kabla ya kuwa askofu alikuwa mwanafunzi wa Kiunguja, akijifunza kwa wenyeji wa mji huu, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha lugha pamoja na hadithi alizosimuliwa. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, lina nguzo ambazo, kama wasemavyo wenyeji, mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa safarini. Wageni huchekeshwa sana. Sisi linatupendeza zaidi jambo la kwamba ziliachwa zilivyo.

Wako watakaosema kwamba kumsikiliza asiye wa imani yetu ni kuchanganya imani. Basi wafungue Kutoka 18. Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, alipokea shauri la Yethro, kuhani wa Midiani, juu ya namna ya kuamua mashauri ya watu. Wala hakujibu kwamba Bwana hakumwambia hivyo. Apolo, hodari wa Maandiko, alifundishwa na Prisila na Akila, mafundi wa mahema. Hata mitume kule Yerusalemu, katika Matendo 15, walihojiana sana kabla ya kuthubutu kumtaja Roho Mtakatifu katika barua yao. Na Luther mwenyewe, kule Worms mwaka 1521, hakudai ufunuo wa pekee. Alitaka aonyeshwe kosa lake kwa Maandiko na kwa hoja zilizo wazi, maana yake aliuacha mlango wazi wa kusahihishwa. Mlutheri anayeufunga mlango huo amejifunza kwingine, si kwa Luther.

Kwa hiyo tunawasihi wazee wa kanisa: msemo huo ukiletwa kikaoni, katibu asiuandike kuwa ni uamuzi. Auandike kuwa ni maoni ya mjumbe, yapimwe kwa Neno kama maoni mengine. Kisha apewe nafasi yule mama wa kiti cha nyuma, ambaye amenyoosha mkono tangu ajenda ya kwanza.