Mbegu Isiyo na Mwenyewe

Wahenga walituachia neno kwamba apandalo mtu ndilo avunalo. Sisi wenye vishamba nyuma ya nyumba, wenye magunia ya mboga kando ya mlango na vitalu vya hatua kumi chini ya ukuta, neno hilo limetugeukia. Tunapanda managu ya majani mapana, inaota yenye majani madogo machungu. Tunapanda terere la mboga, linakimbilia kutoa mashuke kabla hatujachuma mara mbili. Tunapanda saga, na wiki tatu baadaye kitalu bado ni udongo mtupu, maji tumeyamwaga bure na mvua imetupita.

Tukirudi dukani, majibu ni yale yale. “Mama, hiyo imetoka hivyo kwa kampuni, sisi tunauza tu.” Kijana anayejibu hatumlaumu sana, kwa sababu hata yeye hakuambiwa kitu. Lakini tunaona kipakiti kilivyowekwa: kimetundikwa mlangoni, jua la alasiri linakipiga, rangi ya karatasi imeshapauka. Joto na unyevu ndivyo vinavyoiua mbegu. Bibi zetu hawakusomea jambo hilo, na bado waliiweka mbegu kwenye kibuyu chenye majivu, mahali pakavu penye kivuli. Iweje duka lenye leseni lishindwe na kibuyu?

Kisha kuna jina. Kipakiti kimeandikwa Kiingereza, jina moja linalokusanya ndugu wengi. Managu, ambayo Pwani ni mnavu, si mmea mmoja. Kuna ile ya majani makubwa ambayo matunda yake hukomaa yakiwa meusi ya zambarau, na kuna ile ya majani madogo yenye matunda ya rangi ya chungwa, chungu zaidi, ambayo wapo wanaoipenda kwa uchungu wake huo huo. Mitoo nayo ina aina ya uchungu na aina isiyo na uchungu. Hizi ni mboga tofauti kwenye sufuria. Anayenunua kwa jina la jumla ananunua kwa kubahatisha, na atakapoona rangi ya matunda, msimu umeshakwisha.

Mbegu za mboga hizi zina tabia zake, na hizo nazo hatuambiwi. Mbegu ya saga iliyovunwa juzi hulala. Inataka kukaa miezi kadhaa ndipo iote vizuri. Mbegu ya mrenda ina ganda gumu, na watu wa magharibi ya Kenya wanajua kuitia maji moto kabla ya kuipanda. Mbegu ya managu ni lazima ikamuliwe kutoka kwenye tunda, ioshwe mpaka utelezi wote uishe, ianikwe kivulini. Ikioshwa ovyo, huota ovyo. Mstari mmoja tu nyuma ya kipakiti ungetosha kutuokoa. Badala yake tunapewa picha nzuri ya majani yanayong’aa.

Kwa mahindi tulishatendewa haki kidogo. Tunakwangua kibandiko, tunatuma namba kwa 1393, na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mbegu, inatujibu kama pakiti ni halali. Jambo hilo limewaokoa wakulima wengi na matapeli, na tunalishukuru. Lakini vipakiti vingi vya mboga za kienyeji tunavyouziwa havina hata tarehe inayosomeka, sembuse namba ya kuulizia. Je, mboga ya mtoto haistahili uangalifu yanaoupata mahindi ya gunia?

Na tuseme wazi kuhusu mbegu chotara. Hatuna ugomvi nayo. Mwenye kutaka nyanya chotara ya kupeleka sokoni, na ainunue. Inazaa sana na ina faida yake. Ugomvi wetu ni kutoambiwa. Wengi wetu tumekamua mbegu za nyanya iliyotupendeza, tukazikausha, tukazitunza, tukapanda msimu uliofuata, na watoto hawakufanana na mama: huyu mdogo, yule mrefu, mwingine hazai. Hivyo ndivyo mbegu ya chotara ilivyo. Anayetunza bustani ya nyumbani anataka mbegu atakayoivuna mwenyewe na kumgawia jirani. Basi muuzaji amwambie kabla hajatoa pesa yake.

Mwaka 2020, korona ilipotufungia majumbani, serikali ilitangaza mpango wa bustani za jikoni milioni 1. Tuliitikia. Tulitafuta magunia, tukabeba samadi, tukafundisha watoto kumwagilia. Kila kitu tulikiweza isipokuwa mbegu ya mboga tunayoila kwetu. Ilikuwa rahisi kupata spinachi kuliko kupata saga ambayo mama zetu waliikuta ikijiotea kando ya zizi.

Lakini uchungu mkubwa uko hapa. Mtu pekee aliyekuwa na majibu, sheria ilimfanya mhalifu. Katika soko lolote la mashinani utamkuta mama mmoja mwenye vikopo vya mbegu. Ukimwuliza managu hii ni ipi, anakuambia matunda yake ni ya rangi gani. Ukimwuliza imevunwa lini, anakutajia mvua. Anakupimia kwa kifuniko cha chupa, kisha anasema, “Ikikataa kuota, rudi uniambie.” Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, mama huyo angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi miaka 2, kwa kuuza mbegu isiyosajiliwa wala kuidhinishwa. Na hayo yalikuja miaka miwili tu baada ya Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 11 inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na matumizi yake kwa jamii zetu.

Wakulima 15 walikataa kunyamaza, wakaenda mahakamani mwaka 2022. Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilitamka kwamba vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kubadilishana na kuuziana mbegu zao za kienyeji vilikiuka Katiba. Siku hiyo wengi wetu tuliwakumbuka mama zetu, waliozoea kuficha vikopo chini ya meza kila walipoona mtu mgeni mwenye kalamu.

Hatusemi mbegu ya sokoni haina dosari. Boga huchanganyika na boga la jirani kwa kazi ya nyuki. Kunde huingiliwa na fukusi. Ugonjwa unaweza kusafiri ndani ya punje. Nasi wenyewe tuna deni: tuliacha vibuyu vikauke, tukawaacha kina bibi wazeeke na maarifa yao, tukaamini kila chenye karatasi ya kung’aa. Ndiyo maana hatuombi ukaguzi uondolewe. Tunaomba ukaguzi umfuate mama wa vikopo ili umfundishe na kumsaidia, badala ya kumfukuza.

Basi tunasema hivi. Wenye viwanda, andikeni kwenye kipakiti kama mbegu ni chotara au ya kurudia, ni aina ipi hasa, ilivunwa lini, ilipimwa lini na inaota kwa kiasi gani. Na mwandike kwa Kiswahili. Wenye maduka, ondoeni mbegu juani. Watumishi wa benki ya kitaifa ya mbegu kule Muguga, mnatuhifadhia maelfu ya sampuli kwenye baridi, na kazi hiyo ni ya heshima. Sasa tafuteni njia ya kiganja kimoja cha mbegu kufika kwenye vikundi vya kina mama vinavyoweza kukizidisha. Kaunti, tengeni siku ya mbegu katika kila soko kabla ya mvua, watu waje na vikopo vyao, na ofisa wa kilimo awepo kuvitazama na kushauri.

Na zaidi ya yote, kila mbegu inayouzwa iwe na mwenyewe: mtu anayejulikana, tunayeweza kumrudia kitalu kikibaki kitupu, na asitukimbie. Mama wa vikopo ametufanyia hivyo miaka yote bila lebo na bila leseni. Wenye lebo na leseni hawawezi kushindwa.