Eti "Binti Firauni"!

Nashona nguo za harusi, na kila msimu naletewa picha ileile kwenye simu: dhahabu shingoni, wanja mpaka kwenye kipaji. "Nishonee kama binti Firauni." Kushona nitashona. Lakini kumtakia mtoto wa kike maisha ya binti Firauni, hilo napinga waziwazi.

Mchukueni Ankhesenamun, wa tatu katika mabinti sita wa Akhenaten na Nefertiti. Wazazi walimwita Ankhesenpaaten. Dini ya baba yake ilipotupwa, na jina likabadilishwa. Akaozwa Tutankhamun, ambaye wataalamu wengi wanasema ni ndugu yake kwa baba. Mume alipewa ufalme akiwa na miaka kama 9, akafa hajafika 20.

Kaburi la mume lilipogunduliwa mwaka 1922, dunia ilishangilia dhahabu. Kile kiti cha enzi, chenye picha yake akimpaka mumewe mafuta, nani hakijui? Lakini mlemle mlikuwa na majeneza mawili madogo ya vichanga ambao hawakuishi. Inaaminika ni wanawe. Hata majina hawakuandikiwa. Hayo hayamo kwenye picha mnazoniletea! Naye mwenyewe baada ya hapo hasikiki tena, na kaburi lake halijapatikana mpaka leo.

Sasa mama unayemwambia binti wa miaka 16 "olewa, utakaa kama binti mfalme", unamtajia mfalme yupi? Msiniambie ni mkubwa. Vipimo navichukua mimi.