Leseni ya Bodaboda: Ushahidi wa Ujuzi au Stakabadhi ya Kodi?

Leseni ya udereva ni ushahidi. Kwayo dola humwambia abiria asiyemjua dereva wake: huyu tumempima, panda. Nchini mwetu ushahidi huo umegeuzwa kuwa stakabadhi, na gharama yake inalipwa na abiria wa mahali kama Makandana, mjini Tukuyu, palipo na Hospitali ya Wilaya ya Rungwe.

Tuanze na hesabu, maana kijana wa kijiweni huanza nayo kila alfajiri. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Hapo hujagusa leseni ya kujifunzia wala karo ya chuo cha udereva. Mwaka 2021 Serikali ikashusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Naunga mkono punguzo hilo. Faini ya awali ilikuwa ya kikatili. Lakini tazama kilichobaki: ada hiyo ya leseni ilikuwa sawa na faini saba, na faini hailipwi mpaka ukamatwe. Kijana anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni ataona njia iliyo nafuu. Wakubwa huuita huo ukaidi, ilhali bei hizo hazikupangwa kijiweni.

Matokeo yake kijana hufundishwa na rafiki, jioni mbili tatu, kisha hubeba mama na mtoto wake kwenda kliniki. Na Rungwe si uwanja tambarare. Ni mvua, ukungu, miteremko ya udongo unaoteleza, mkungu wa ndizi nyuma ya kiti, na mwisho wa mteremko ni barabara kuu ya Mbeya–Kyela yenye malori yaendayo mpakani Kasumulu. Breki ipi ishikwe kwanza hapo? Hilo ndilo swali la mtihani.

Wasomaji wangu watumishi wa umma watanikumbusha kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko wazi. Naam, iko wazi, na haimzuii mtahini kuwafuata vijana katika kata zao. Wala sioni kwa nini ada idaiwe kwa mkupuo. Mfanyabiashara hulipa kodi ya mapato ya makadirio kwa awamu nne kwa mwaka. Mwendesha bodaboda anadaiwa ada ya miaka mitano siku moja. (Uchaguzi ukikaribia, hujitokeza mwanasiasa wa kumlipia. Usalama wa abiria umekuwa takrima.)

Halmashauri nazo zisijifiche nyuma ya Mamlaka ya Mapato. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, asilimia 4 ni ya vijana, na vikundi vingi nchini vimekopeshwa pikipiki kwa fedha hizo. Chombo kinakopeshwa, ujuzi wa kukiendesha haukopeshwi. Madiwani wa Rungwe wanaweza kuamua, katika kikao chao kijacho cha baraza, kwamba karo ya mafunzo na ada ya leseni ziingizwe ndani ya mkopo, na funguo zisikabidhiwe kabla kijana hajapimwa.