Jibu Lifaalo Zaidi

Kwa miaka mingi kabla ya KCPE kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtahiniwa aliyefungua karatasi ya Kiswahili alilakiwa na vifungu vyenye mapengo 15. Kila pengo lilikuwa na majibu manne, na agizo lilikuwa moja: achague jibu lifaalo zaidi. Tamko hilo lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Halisemi "jibu sahihi". Linakiri kwamba huenda majibu mawili au hata matatu yakafaa kwa kiasi fulani, kisha linamtaka mtoto apime. Kupima huhitaji mizani, na mizani pekee aliyo nayo mtoto katika chumba cha mtihani ni sentensi yenyewe. Sentensi isipomwelekeza, hana budi kubahatisha yaliyo moyoni mwa mtunzi.

Kwa bahati mbaya, maswali mengi ya mazoezi yanayouzwa katikati ya jiji la Nairobi, madukani na kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya njia, hayamwelekezi. Tuchukue swali la aina hii: "______ kutupa chakula, mama huyo alitupa malazi." Majibu ni: licha ya, mbali na, zaidi ya, minghairi ya. Mwanafunzi aliyezoea kusikia "licha ya" ikitumiwa kwa maana ya "ingawa" ataiondoa upesi na kuchagua "mbali na". Aliyefunzwa maana yake nyingine, yaani "si hilo tu", ataichagua bila wasiwasi. "Zaidi ya" nayo haina kosa. Ni "minghairi ya" peke yake, yenye maana ya "bila", ambayo sentensi inaikataa. Watoto watatu wenye Kiswahili kizuri watatoa majibu matatu, na wawili kati yao watakosolewa kwa kalamu nyekundu.

Zoezi hili halikuzaliwa likiwa mtego. Hermann Ebbinghaus alilitumia mwaka wa 1897 kuchunguza uchovu wa akili miongoni mwa watoto wa shule mjini Breslau. Mwaka wa 1953, Mmarekani Wilson Taylor aliondoa maneno kwa hesabu, mathalani kila neno la tano, ili apime jinsi matini inavyosomeka. Kwa Taylor, wasomaji wakishindwa kujaza mapengo, matini nayo hutiliwa shaka. Kwetu, ni mtoto tu anayetiliwa shaka.

Katika tashbihi mambo yameharibika zaidi. "Mweusi kama ______": lami, makaa, mpingo, kaniki. Mtoto wa Kangemi huiona lami ya Waiyaki Way kila uchao, na makaa yamo jikoni kwao. Kaniki yamkini hajapata kuiona. Akichagua lami, na mtunzi awe na mpingo katika orodha yake, kimepimwa nini? Hakika si Kiswahili. Kilichopimwa ni iwapo mwalimu wake alinunua kitabu kile kile alichokitumia mtunzi. Hapo ndipo mwanafunzi wa shule ya kulipia kule Lavington, mwenye rafu nzima ya vitabu vya mazoezi, anapompiku jirani yake wa Kawangware, ilhali huenda wa Kawangware ndiye anayezungumza Kiswahili kutwa kucha. Na katika enzi ya KCPE, alama moja au mbili ziliweza kuamua ni shule gani ya upili ingempokea.

Hatakosekana wa kupinga kwamba Kiswahili cha Kawangware ni Sheng, na kwamba mtihani hauna budi kulinda usanifu. Pingamizi hilo lina haki yake. Makanga anapopaaza sauti kwamba "viti mbili zimebaki", abiria humwelewa na kukimbia, lakini upatanisho wa kisarufi umevunjika. Swali linaloweka "mbili" kando ya "viwili" humuuliza mtoto jambo lililo wazi, na ngeli ya KI-VI inalijibu. Vivyo hivyo kwa "Angalifika mapema, ______ basi." Kiambishi -ngali- cha mwanzo kinadai mwenziwe, na "angepata" haikubaliki darasani hata kama barabarani husikika kila siku. Maswali haya ni magumu, ila hayana hila. Ushahidi umo ndani ya sentensi.

Lililo bora kuliko hayo ni swali linalodai maana. "Baba yake si mwalimu ______ ni daktari." "Baba yake si mwalimu ______ anafundisha vizuri." Mtoto apewe "bali" na "lakini" katika yote mawili. Sentensi ya kwanza inafuta jambo na kuweka jingine mahali pake, kwa hiyo "bali" inafaa zaidi, ingawa "lakini" husikika hapo midomoni mwa wengi. Ya pili haifuti kitu; inaongeza jambo lisilotarajiwa, nayo inataka "lakini". Hapa agizo la "lifaalo zaidi" linatimiza ahadi yake. Hakuna orodha ya kukariri. Mtoto analazimika kusoma sentensi hadi mwisho, tofauti na ile mbinu ya tuisheni ya kutazama neno lililotangulia pengo na kukimbilia jibu.

KCPE imeondoka, lakini maswali ya kuchagua hayakuondoka nayo. Wanafunzi wa Gredi ya Sita wamekuwa wakikutana nayo katika KPSEA tangu 2022. Wahitimu wa Kiswahili ndio wanaoajiriwa kuyatunga na kuyahariri, na kazi wanayoweza kuifanya ni ndogo mno. Mtunzi na ampe mwenzake sentensi yenye pengo bila yale majibu manne, ampe na wa pili, kisha awaonyeshe wote wawili majibu hayo. Wakichagua maneno tofauti, na kila mmoja akaweza kulitetea lake, sentensi hiyo na irudi mezani kuandikwa upya kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.