Matembezi ya Askari Yasiishie Madukani

Askari apatapo ruhusa ya siku mbili ugenini, aghalabu hufuatana na rafiki zake kwenda madukani na kupiga picha. Hayo si makosa. Lakini yako mambo mjini yampasayo mwenye sare kuyaona kwanza.

Tutoe mfano wa Kigali. Marafiki waliofikia Masaka hawahitaji hata kutoka nje ya Wilaya ya Kicukiro. Mwaka 1994, watu wapatao 2,000 walikimbilia humo, katika shule ya ufundi ya ETO, wakilindwa na askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliamriwa kuondoka. Raia waliswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, na wengi wao wakauawa. Leo pana ukumbusho hapo.

Kisha waende Camp Kigali, katikati ya mji. Ziko nguzo 10 za mawe, kwa ajili ya askari 10 wa Ubelgiji waliouawa tarehe 7 Aprili 1994. Ni baada ya vifo hivyo Ubelgiji ilipoamua kuwaondoa wanajeshi wake.

Ndugu askari na polisi, sehemu hizo mbili zitazamwe pamoja. Ya pili yaonyesha gharama ya kulinda. Ya kwanza yaonyesha gharama ya kuacha kulinda. Jioni, marafiki na waulizane: raia aliyekimbilia langoni petu, tungemjibu nini? Zawadi za dukani zinunuliwe baadaye.