Jiko la Gesi Linapopoteza Moto Wake



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii safu yetu inaingia jikoni. Wasomaji waliozoea kutukuta katika mirathi, malezi na haki za wanandoa watuwie radhi. Mpira wa gesi na masizi nayo ni mambo ya familia. Malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara, majumbani na katika majiko ya misikiti, ni ya namna moja: moto unaanza vizuri, unafifia, kisha unazimika wenyewe, na mtungi ukiinuliwa bado ni mzito. Dawa inayotolewa nayo ni moja: njiti nyingine ya kiberiti.

Dawa hiyo ndiyo inayotutia hofu. Kuni zikizimika, kinachobaki ni moshi wa kutoa machozi. Gesi haiko hivyo. Mwali ukizimika huku swichi ya jiko iko wazi, gesi inaendelea kutoka kimyakimya, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa haipandi juu ikatokea dirishani, bali hushuka na kutanda sakafuni, mahali anapotambaa mtoto na mahali mama alipoweka jiko lake la mkaa la akiba. Kimiminika kidogo kilichomo mtungini kikitoka huwa gesi ya ujazo wa takriban mara 250. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kwa nini moto umezimika, funga swichi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usubiri mpaka harufu iondoke kabisa. Harufu hiyo si ya gesi yenyewe. Hutiwa makusudi ili watu watahadhari. Maadamu inasikika, asiwashe mtu taa wala asiizime, na simu itumike nje. Ikiwa inazidi hata baada ya mtungi kufungwa, watu watoke wote na Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Tukishasalimika, tutafute sababu. Tuanze na ile isiyojulikana na wengi, ambayo huyasumbua zaidi majiko ya misikiti na madrasa kuliko ya nyumbani.

Ndani ya mtungi gesi imo katika hali ya maji. Ili itoke kama gesi lazima ichemke, na ili ichemke lazima ipate joto, nalo huchotwa kutoka kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Kwa chai ya asubuhi joto linalochotwa ni dogo, na hewa ya nje hulirudisha bila mtu kutambua. Lakini mpishi akiweka sufuria ya pilau ya watu 200 juu ya jiko kubwa la duara, na chini yake akaunganisha mtungi wa kilo 6 au wa kilo 15, gesi huvutwa kwa kasi ambayo mtungi mdogo hauwezi kuistahimili. Mtungi hupoa, hutoa jasho, kisha hufanya utando mweupe wa barafu. Mgandamizo wa ndani huanguka, mwali hufifia, na hatimaye huzimika huku nusu ya gesi ingalimo. Hapo ndipo wasimamizi huanza kumshuku muuzaji kwamba amewapunja, na tumeona kuwa mara nyingi humdhulumu mtu asiye na kosa.

Wakazi wa Njombe na Makete wanaijua hali hii bila hata sufuria kubwa, kwa sababu gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na buteni huacha kuchemka joto linapokaribia nyuzi sifuri za Selsiasi. Asubuhi za Juni na Julai huko zinatosha kuulegeza mtungi.

Tiba si kuumwagia mtungi maji yanayochemka, wala kuusogeza karibu na moto, wala kuulaza ili gesi ishuke. La mwisho ndilo baya zaidi: mtungi ukilazwa, kimiminika chenyewe huingia kwenye mpira na kufika jikoni, na mwali mmoja hugeuka ndimi za moto. Tiba ni kulingana kwa mtungi na jiko. Jiko la futari lipewe mtungi wa kilo 38, au fundi aunganishe mitungi miwili itoe gesi kwa pamoja ili kila mmoja uchotwe kidogo. Mitungi isimame wima, kivulini, mbali na moto. Kinga ya upepo ya mabati izunguke jiko peke yake. Ikiuzungusha na mtungi, huupasha joto lisilotakiwa.

Sababu ya pili ni kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi, ambacho mafundi hukiita regyuleta. Kazi yake ni kuipunguza nguvu ya gesi mpaka kiwango ambacho jiko limetengenezewa. Jiko la mezani la nyumbani linataka nguvu ndogo. Jiko kubwa la duara kwa kawaida linataka nguvu kubwa zaidi. Ukikiazima kichwa cha nyumbani ukakipeleka msikitini, moto utakuwa dhaifu na upepo wowote utauzima. Kinyume chake ni hatari, na tunaomba asijaribu mtu. Baadhi ya vichwa hivi pia vina kinga inayojifunga gesi ikitoka kwa kishindo, hivyo mtu anayefungua mtungi kwa haraka huku swichi ya jiko iko wazi hupata mwali dhaifu au hapati kabisa. Funga vyote, kisha fungua mtungi polepole.

Kisha tuje kwenye kichomeo, yaani sehemu yenye matundu inakotokea miali. Hapa akina mama hawahitaji kufundishwa na kamati. Uji ukifurika, maziwa yakimwagika, matundu huziba, moto hukatika upande mmoja, kisha pepo za mlangoni humalizia. Kichomeo kikipoa kitolewe, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kipigwe brashi na kikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Kikirudishwa upande, moto hautakaa. Buibui nao hupenda kutanda ndani ya bomba la kichomeo katika jiko lililokaa miezi bila kutumika, kama yalivyo mengi ya misikiti yetu kuanzia Shawwal hadi Shaaban. Lakini tundu dogo la nozo, panapotokea gesi, lisichokonolewe kwa sindano wala waya. Tundu hilo limepimwa, na likipanuka kidogo tu moto hauwi tena ule.

Rangi ya mwali inasema mengi. Ukiwa wa buluu na umetulia, jiko ni zima. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, hewa haitoshi: gesi inapotea bure, na moshi wake unaweza kubeba hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa. Ukirukaruka juu ya kichomeo kana kwamba unataka kuondoka, hewa imezidi. Wanaonunua majiko ya mtumba kutoka Ulaya wawe waangalifu hapa, kwa kuwa baadhi yake yalitengenezewa gesi asilia ya mabomba, na nozo zake ni pana mno kwa gesi ya mtungi. Fundi azibadilishe kwanza.

Yapo majiko ambayo huwaka vizuri mradi umeshikilia swichi, na ukiiachia tu yanazima. Tazama kando ya kichomeo: utaona kijiti kidogo cha chuma kinachoguswa na mwali. Hicho ni mlinzi. Kikipata moto huiacha njia ya gesi wazi, na kikipoa huifunga. Shikilia swichi kwa muda wa kuhesabu kumi ili kipate joto. Kama bado, kifute masizi kwa kitambaa kikavu. Kama bado, kinunuliwe kingine. Wapo mafundi wanaoking'oa ili mteja aridhike upesi. Fundi wa namna hiyo asirudi nyumbani kwako. Majiko mengi ya bei nafuu, pamoja na yale yanayokaa juu ya mtungi wa kilo 6, hayana mlinzi huyu kabisa, hivyo mlinzi wake ni mtu. Asiondoke jikoni, hata kwa swala ya jamaa, wapeane zamu.

Imepokewa kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), katika Sahihi za Bukhari na Muslim, habari ya nyumba ya Madina iliyoungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, aliutaja moto kuwa ni adui na akaagiza uzimwe kabla ya kulala. Kwa jiko la gesi tunaielewa amri hiyo kuwa haitimii kwa kuzima mwali tu. Mtungi nao ufungwe kila usiku, kwa sababu mpira ndio kiungo dhaifu. Panya huuguguna na jua huupasua. Ukaguliwe kwa povu la sabuni kwenye maungio yake, kamwe si kwa kiberiti, na ubadilishwe ukifikia tarehe iliyopigwa chapa juu yake au ukionesha mipasuko kabla ya hapo.

Na hapa tuna neno kwa wafadhili wetu, Allah awalipe kheri. Tangu Serikali ilipoziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, madrasa na misikiti imepokea majiko mapya, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wa kutoa jiko tunampata. Wa kutoa mpira, kibano cha chuma na ujira wa fundi hatumpati, kwa sababu vitu hivyo havipigwi picha. Kamati iviweke katika bajeti yake, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina akabidhiwe jiko na daftari la tarehe za ukaguzi.

Juma moja kabla ya Ramadhani, mtu huyo ajaze maji sufuria kubwa hadi kiwango cha pilau, aunganishe mitungi itakayotumika, na auache moto uwake saa nzima akiwa amekaa anautazama. Mtungi utakaoganda, mwali utakaogeuka manjano, ungio litakalotoa povu, vyote vitajulikana siku hiyo, na fundi atapatikana bila kukimbizana na adhana ya Magharibi. Maji yenyewe yatafaa kuoshea masizi ya mwaka jana.