Maumivu Yakihama Si Uongo

Wazazi na walimu, leo naongea na nyinyi. Mtoto akisema goti linauma Jumatatu, mgongo Alhamisi, wiki ijayo mabega, mnamwita mwongo. "Jana si ulisema ni mguu?" Mnauliza kama mawakili. Hukumu inatoka hapo hapo: ako na uvivu, anahepa mtihani. Akiwa bweni, anapewa Panadol na kuambiwa arudi darasani.

Sasa sikizeni. Kuhama ndiyo tabia ya haya maumivu. Kuna watoto wanaoumwa sehemu nyingi za mwili kwa zaidi ya miezi 3, na eksirei inatoka safi, damu inatoka safi. Hakuna mfupa umevunjika. Neva ndizo zimekuwa kama ile alamu ya gari inayolia hata paka akipita. Mwizi hayuko, lakini kelele iko, na anayeisikia usiku kucha ni mtoto. Shirika la Afya Duniani linayatambua maumivu ya aina hii kama ugonjwa kwenye orodha yake, ICD-11. Nyinyi bado mnasema ati anajifanya.

"Ni kukua tu." Hapana. Maumivu ya kukua tunayajua: miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi mtoto anakimbia. Shingo na mgongo miezi mitatu, hiyo ni kukua gani?

Huko Ufini, watafiti walianza mwaka wa 1995 kufuatilia watoto wa shule wa kati ya miaka 9 na 12. Kati ya waliokuwa na maumivu ya mwili mzima, karibu 3 kwa kila 10 walikuwa nayo mwaka mmoja baadaye. Baada ya miaka 4, karibu hivyo hivyo. Kwa hivyo anayemwambia mama kwamba mtoto ataumwa maisha yake yote anatisha watu bure, wengi hupata nafuu. Lakini yule wa "yataisha yenyewe" naye anacheza kamari na hao watatu.

Na kumlaza kitandani si dawa. Mwongozo wa Shirika hilo wa 2020 unataja mazoezi ya mwili, msaada wa kisaikolojia, na dawa pale zinapofaa. Kiungo kikivimba, homa isiyoisha, uzito ukishuka, usingoje miezi yoyote, nenda hospitali. Na kama kwenu ni Nyanza, Magharibi au Pwani, ulizia kipimo cha selimundu.

Mtasema huyu aliacha chuo, sasa anatufunza udaktari. Sawa. Mimi sitibu mtu. Nasema nunua daftari, lile la bei ya chini kabisa. Andika tarehe, mahali panapouma, alilala vipi, siku gani alikosa shule. Beba hilo daftari kliniki. Mtu akikuambia tena mtoto anajifanya, mfungulie ukurasa wa kwanza asome.